Vita ya Mwisho ya Brotherhood of War Ilipiganwa Ng'ambo ya Ziwa Letu

(Hotuba niliyoitoa mjini Kigoma mbele ya walimu, wanafunzi na wazee wapenda vitabu. Nimeiandika kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliotoka Ujiji na Kibirizi, walimu wenzangu, na nyinyi vijana wa sekondari mliokaa kule nyuma: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mliniomba nizungumzie riwaya za kivita, kwa kuwa vijana wengi wanazisoma na walimu wengi wanazidharau. Nimekubali kwa furaha, na nimechagua moja tu. Inaitwa Special Ops. Ilitoka Marekani mwaka 2001, ikiwa kitabu cha tisa na cha mwisho katika mfululizo wa Brotherhood of War ulioandikwa na W.E.B. Griffin. Nimeichagua kwa sababu vita inayoibeba ni ya mwaka 1965, na ilipiganwa nchini Kongo, ng'ambo ya ziwa hili la Tanganyika, kwenye milima ile ile mnayoiona jioni hewa ikiwa safi.

Mwandishi anayefunga mfululizo wa kivita hulazimika kuchagua afungie vita ipi. Mimi naamini uchaguzi huo unatueleza habari zake kuliko mapigano yote aliyoyasimulia. Griffin alikuwa na vita nyingi za kuchagua. Akaja kufungia kwetu. Nataka tuulize kwa nini, kisha tuulize ni kitu gani kilibaki nje ya kitabu chake.

Kwanza tumfahamu mwenyewe. Griffin ni jina la kalamu. Jina lake halisi ni William Edmund Butterworth III, aliyezaliwa mwaka 1929 na kufariki Februari 2019. Aliingia jeshini mwaka 1946 akiwa bado kijana mdogo, akatumikia Ujerumani iliyokuwa imeshindwa vita, kisha akaitwa tena kazini wakati wa vita vya Korea. Jeshi alilijua kwa ndani: harufu ya ofisi zake, wivu wa vyeo, namna barua moja ya siri inavyoweza kumpandisha mtu au kumzika. Aliandika vitabu vingi mno kwa majina mbalimbali, lakini Brotherhood of War ndiyo iliyompa jina.

Mfululizo huo ulianza mwaka 1982, na majina ya vitabu vya mwanzo yanapanda ngazi kama askari anavyopanda: maluteni, makapteni, mameja, makanali, mpaka majenerali. Tunawafuata watu wale wale miaka nenda miaka rudi. Yupo Craig Lowell, tajiri wa kuzaliwa, mrithi wa fedha za Wall Street, ambaye hakuwa na haja hata kidogo ya kuvaa sare. Yupo Sanford Felter, Myahudi mfupi mwenye akili kali, aliyesomea chuo cha maofisa cha West Point na kuishia kuwa mtu wa siri za Ikulu. Tunawaona Ugiriki, tunawaona Korea, tunawaona wakioa, wakizika wenzao, wakigombana na wakubwa wao.

Vijana, nawaambia mapema: anayetafuta risasi katika kila ukurasa wa Griffin atachoka. Kurasa nyingi ni za mikutano, chakula cha jioni, simu za maandishi kutoka Washington, na nani amhamishie nani wapi. Wahakiki wengi wamemlaumu kwa hilo. Mimi namsifu. Mtu aliyewahi kuishi karibu na kambi ya jeshi anajua kwamba vita ni karatasi nyingi na milio michache, na kwamba mtu hufa kwa sababu ya karatasi iliyosainiwa miezi mitatu kabla. Griffin alilijua hilo, na hakulificha ili kumfurahisha msomaji mwenye pupa.

Sasa tuangalie mpangilio wa vitabu vyake, kwa sababu jibu la swali letu la kwanza limo humo. Kitabu cha sita, The Generals, kilitoka mwaka 1986, na tayari hadithi ilikuwa imefika Vietnam. Kwa mwendo wa kawaida kitabu cha saba kingesonga mbele: Wamarekani wakiondoka, Saigon ikianguka Aprili 1975, maofisa hawa tuliowapenda wakitazamana usoni na kuulizana imekuwaje. Kitabu hicho hakikuandikwa. Griffin aligeuka nyuma. The New Breed, cha mwaka 1987, kikatupeleka Kongo ya mwaka 1964. The Aviators, cha mwaka 1988, kikarudi kwenye helikopta na askari wa anga waliokuwa wakiandaliwa nyumbani Marekani. Kisha kimya cha miaka 13. Halafu, mwaka 2001, Special Ops: Kongo tena, na safari hii adui ni mtu ambaye dunia nzima inaijua sura yake, Ernesto Che Guevara, mwanamapinduzi wa Cuba.

Hebu fikirini. Mwandishi anayelipenda jeshi lake kwa moyo wote, lakini jeshi hilo limeshindwa katika vita yake kubwa kuliko zote za kizazi chake. Afungie wapi hadithi? Vietnam hapafai, maana huko hakuna mwisho ambao Lowell na Felter wangeweza kuuishi wakabaki kuwa wale wale. Kongo ya 1965 inafaa sana. Ilikuwa vita ndogo na ya siri, ya watu wachache waliofunzwa vizuri, na katika hesabu za Washington iliishia kwa ushindi: Che aliondoka Afrika mikono mitupu, na miaka miwili baadaye aliuawa Bolivia. Huo ndio usomaji wangu mimi, na nipo tayari kubishana na yeyote baada ya mazungumzo. Griffin alilitafutia jeshi lake vita ambayo lingeweza kuimaliza likiwa wima, akaipata kwenye Ziwa Tanganyika.

Na hii si mara ya kwanza ziwa letu kuingia katika riwaya za kivita za wageni. Meli ile ya Wajerumani, Graf von Goetzen, ambayo sisi tunaijua kwa jina la Liemba, ilishamtia mwandishi Mwingereza C.S. Forester hamu ya kuandika hadithi yake miaka ya 1930. Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Mlango wa Special Ops unafunguliwa na kisa cha Stanleyville, mji tunaouita Kisangani, kwa hiyo niwakumbushe. Agosti 1964 waasi wa Simba waliuteka mji huo. Walikuwa watu waliochoshwa na serikali ya Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, na waliomlilia Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliyeuawa Januari 1961. Walipigana wakiamini kwamba dawa za waganga wao zinageuza risasi kuwa maji. Waliwashika mateka wazungu zaidi ya elfu moja. Tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miamvuli wa Ubelgiji waliangushwa juu ya mji kutoka ndege za Marekani, na mamluki wakaingia kwa barabara. Mateka wengi waliokolewa, wengine waliuawa barabarani asubuhi ile ile, akiwemo daktari mmisionari Paul Carlson. Wakongo waliokufa katika siku zile na wiki zilizofuata ni wengi mno, na majina yao hayakupata magazeti ya kuyabeba. Griffin ameiandika Stanleyville kwa nguvu kweli kweli katika The New Breed. Anayemwongoza msomaji humo ni pamoja na Lunsford, komando mweusi ambaye wenzake humwita Father, na Jack Portet, kijana ambaye baba yake ana shirika la ndege la kubuni liitwalo Air Simba. Hao wawili ndio wanaovuka kuingia kitabu cha mwisho.

Special Ops inapoanza kumfuata Che, inatupa upande mmoja wa ukuta: chumba cha Wamarekani, ramani zao, mipango yao, makomando wao weusi wanaoingizwa Kongo kwa siri. Ni upande ambao mwandishi aliujua, na hana deni la kutuandikia upande wetu. Lakini sisi tunaokaa upande huu tukisoma kitabu hicho bila kujua yaliyotokea hapa, tutaondoka na historia ya watu wengine kuhusu maji yetu wenyewe. Basi niwaambie yaliyotokea, kama yalivyoandikwa na walioshiriki.

Che alifika Dar es Salaam Aprili 1965, akija na Wacuba wenzake kuwasaidia waasi, akiwa amenyoa ndevu na kubadili sura. Alishuka kwa barabara mpaka mji huu huu wa Kigoma, na usiku akavuka kwa boti. Tarehe 24 Aprili alfajiri alitia mguu Kibamba, upande wa Kongo. Kwa usiri, Wacuba walichukua namba za Kiswahili kuwa majina yao. Kamanda wa jeshi, Víctor Dreke, aliitwa Moja. José María Martínez Tamayo akaitwa Mbili. Che mwenyewe akawa Tatu, ili asiyemjua adhani huyu ni daktari tu, mtu wa tatu kwenye orodha. Kijana Mkongo wa miaka 16, Freddy Ilanga, alipewa kazi ya kuwa mkalimani na mwalimu wake wa Kiswahili, akakaa naye karibu muda wote wa vita bila kuambiwa mwanzoni anamfundisha nani. Ilanga alipelekwa Cuba baadaye, akasomea udaktari hadi akawa mpasuaji wa ubongo wa watoto, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 2005. Kama kuna mtu mmoja wa vita hii anayestahili riwaya yake peke yake, ni huyo.

Wacuba waliovuka kutoka hapa Kigoma walikuwa zaidi ya 100 kwa jumla, wengi wao weusi. Walikuta nini? Walikuta viongozi walio mbali na uwanja wa vita. Laurent-Désiré Kabila, mkuu wa waasi wa eneo hilo, alikuwa akionekana zaidi Dar es Salaam na Cairo kuliko mlimani. Alifika kituoni Julai, akakaa siku chache, akaondoka. Leonard Mitoudidi, kiongozi ambaye Che alianza kumwamini, alizama ziwani mwezi Juni. Tarehe 29 Juni wakashambulia ngome ya Bendera pamoja na wapiganaji Wanyarwanda. Shambulio lilivurugika, Wacuba 4 wakauawa, na katika maiti zao adui akapata maandishi yaliyoonyesha wazi kwamba Wacuba wapo Kongo.

Hapo ndipo historia inapoizidi riwaya yoyote. Ndege zilizowapiga kutoka juu ziliendeshwa na marubani Wacuba: wakimbizi wa utawala wa Fidel Castro, waliolipwa na CIA, shirika la kijasusi la Marekani, baadhi yao wakiwa wamepigana Bay of Pigs mwaka 1961, katika jaribio lililoshindwa la kumpindua Castro. Angani Mcuba, chini Mcuba, na katikati mwanakijiji wa Fizi ambaye hana habari na Havana. Upande wa nchi kavu walikuwepo mamluki wa Mike Hoare pamoja na jeshi la Kongo. Mwishoni mwa Septemba mamluki walishuka karibu na Baraka, wakauteka mji baada ya mapigano makali, na Fizi ikafuata. Boti za doria zilianza kuufunga ukingo wa ziwa.

Katika riwaya za aina hii, vita huishia pale shujaa anapomzidi adui akili. Vita ya 1965 iliishia mezani. Tarehe 13 Oktoba Rais Kasavubu alimfukuza kazi Waziri Mkuu Moise Tshombe, yule ambaye viongozi wengi wa Afrika walimwona kuwa ndiye muuaji wa Lumumba. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Accra, mwezi huo huo, Kasavubu aliahidi kuwaondoa mamluki. Nchi zilizokuwa zikiwasaidia waasi zikaona sababu ya kusaidia imepungua, na Tanzania ikawaarifu Wacuba kwamba msaada wao Kongo inabidi uishe. Bila Kigoma hakukuwa na chakula, hakukuwa na silaha, hakukuwa na njia ya kutokea. Sentensi iliyosemwa ofisini Dar es Salaam ilifanya kazi kuliko ndege zote zile. Nampa Griffin haki yake: yeye, bingwa wa karatasi na mikutano, angeweza kuliandika tukio hilo kuliko mtu yeyote. Lakini mikutano anayoijua ni ya Washington. Ya Accra na ya Dar es Salaam inabaki kwetu.

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Novemba 1965 boti ziliwachukua Wacuba kuwarudisha Kigoma. Hazikutosha kuwabeba wapiganaji wote wa Kikongo waliokuwa wamejikusanya ufukweni wakiomba kuondoka, na wengi waliachwa. Che aliandika kwa uchungu mkubwa kuhusu saa zile. Aliyaandika hayo hapa hapa Tanzania, akiwa amejificha katika ubalozi wa Cuba Dar es Salaam, na kitabu chake kinaanza kwa kusema waziwazi kwamba hii ni historia ya kushindwa. Siku chache tu baada ya boti kufika Kigoma, Mobutu alitwaa madaraka Kongo, akayashika kwa zaidi ya miaka 30.

Mnaona sasa uzito wa kuchagua pa kufungia. Kwa Griffin, Novemba 1965 ni mahali pazuri pa kuweka nukta: Che ameondoka, Kongo iko mikononi mwa mtu rafiki wa Marekani. Lakini fikirini kitabu kilitoka mwaka gani. Mwaka 2001! Kabila, aliyekuwa upande ulioshindwa, alishaendelea kupigana katika milima ya Fizi kwa miaka mingi. Mwaka 1975 watu wake walivuka ziwa na kuwateka wanafunzi wanne wa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, pale Gombe, jirani yetu kabisa. Tarehe 17 Mei 1997 majeshi yake yaliingia Kinshasa, Mobutu akiwa amekwisha kukimbia. Na tarehe 16 Januari 2001, mwaka ule ule wa kitabu, Kabila alipigwa risasi na mlinzi wake mwenyewe. Wakati msomaji wa Marekani anafika ukurasa wa mwisho wa Special Ops, watu wa Baraka, Fizi na Uvira walikuwa wanapanga foleni ya unga katika kambi ya Nyarugusu, hapo Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996. Baadhi yenu mliwafundisha watoto wao. Wengine wenu ndio watoto wao.

Je, nasema tusikisome? Hapana. Kisomeni, na msome mfululizo mzima kuanzia The Lieutenants, kwa sababu Griffin anafundisha jambo ambalo waandishi wetu wengi wa riwaya za kusisimua hawana subira nalo: kumlea mhusika kwa miaka 20, kumwacha azeeke, kumwacha akosee na alipie kosa lake vitabu vitatu baadaye. Lowell wa kitabu cha tisa anabeba kila jeraha la kitabu cha kwanza. Huo ni ufundi, na ufundi hauna uraia.

Tena sisi si wageni katika uwanja huu. Elvis Musiba alituletea Willy Gamba mwaka 1974, mpelelezi wa Kitanzania ambaye hakuomba ruhusa kwa mtu yeyote kuwa shujaa wa Afrika, na katika Kikosi cha Kisasi akampeleka hadi Kinshasa. Kizazi cha wazazi wangu kilivisoma vitabu hivyo mpaka majalada yakachanika. Kwa hiyo lugha tunayo, wasomaji tunao, na mfano wa kuigwa tunao. Kisa cha 1965 kimejaa kila kitu ambacho riwaya inahitaji: boti za usiku, majina ya bandia, kijana anayemfundisha lugha mtu asiyemjua, Mcuba dhidi ya Mcuba, na uamuzi wa serikali yetu wenyewe ambao uliwaokoa wengine na kuwaacha wengine ufukweni. Sijapata kukiona kikiandikwa kwa Kiswahili kama riwaya ndefu, na hilo linanikera, maana kisa kinaanzia kwenye bandari hii.

Mwandishi atakayekiandika hatakuwa na haja ya kwenda Havana kwanza. Aanze na watu waliokuwa Kigoma mwaka 1965. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa ni mzee wa miaka zaidi ya 80. Wapo waliokuwa wavuvi wa dagaa usiku, wapo waliofanya kazi bandarini na stesheni, wapo akina mama waliouza chakula kwa watu waliokuja na kuondoka bila kujieleza. Waulizeni maswali madogo. Boti zilikuwa zinaegeshwa wapi? Ni nani aliyekatazwa kuvua, na kwa siku ngapi? Wacuba walinunua nini sokoni? Waliolia ufukweni ng'ambo ya pili, ndugu zao walivuka lini, na kwa mtumbwi wa nani? Msiwaulize kuhusu Che. Kila mtu atawaambia alimwona Che.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Katibu ana daftari mlangoni. Kila anayemjua mzee wa namna hiyo aandike jina lake, kijiji chake, na siku anayopatikana, na vijana wa kidato cha tano wamekubali kwenda wawili wawili kuwarekodi kuanzia likizo ya Juni, wakiandamana na mwalimu. Wazee wanaotoka ng'ambo na sasa wanaishi huku nao wanatakiwa, tena hao nawaomba wawe wa kwanza. Nakala yangu ya Special Ops naiacha hapa mezani kwa anayetaka kuiazima. Karibuni kwa maswali, tukianza na wazee.